Gari inatetemeka ikikolea spidi: ni injini au ni tairi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina gari ya mwaka 1999, manyuo, silinda 4, inavuta mbele. Spidi ndogo iko poa kabisa ila nikifika 100 kwenye gia ya tano inaanza kutetemeka, sio usukani, ni sakafu na kiti, mpaka kioo cha ndani cha kuangalia nyuma sioni vizuri, nikivuka 115 inapungua. Nimefanya balansi mara tatu, alaimenti, nimenunua na tairi mbili mpya, wapi. Halafu sijui kama inahusika, nikipanda mlima na gia ya nne inaanza mapema, kwenye 80 hivi. Klachi ilibadilishwa miezi michache iliyopita. Sasa naambiwa injini imeisha nifanye ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, nisaidie kabla sijatoa hela.

JIBU: Ndugu yangu hela ya ovahoo ishike kwanza. Hayo maneno ya mlimani na gia ya nne uliyoyataja kama ya pembeni ndiyo yenye jibu, na inaniuma kwamba hakuna aliyekuuliza mapema maana zile tairi mbili usingezinunua.

Tairi haijui uko gia ya ngapi. Ukiwa 100 tairi ya kawaida inazunguka kama mara 14 au 15 kwa sekunde, uwe gia ya tano, ya nne au nyutro ni hivyohivyo. Kwa hiyo shida ingekuwa kwenye tairi au rimu, mtetemo ungekusubiri palepale kwenye 100 kila siku. Wako umehama, kwenye gia ya nne umeshuka mpaka 80, na kwa gari nyingi za gia tano 80 ya gia ya nne na 100 ya gia ya tano injini inakuwa kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ileile au karibu yake. Siku ukitoka angalia mshale wa RPM mara zote mbili, ukisoma namba moja, mfano 3000 na 3000, basi achana na mambo ya balansi, kinachotetemeka kinafuata injini.

Hakikisha na kitu kingine. Barabara iliyonyooka, hakuna mtu nyuma, fika 100, mtetemo ukianza kanyaga klachi weka nyutro uache gari iserereke. Funguo usiiguse kabisa, ukizima usukani unaweza kujifunga na breki zinakuwa ngumu. Ukiona imetulia ghafla wakati spidi bado ipo, ni injini au kilichofungwa nayo. Baadaye simama, nyutro, panda taratibu mpaka RPM ileile, ikitetemeka hata imesimama ndo umemaliza, na fundi ataitafuta gari ikiwa mbele yake badala ya kubahatisha barabarani.

Sasa wapi hasa? Mimi ningeanza na mauntingi za injini na gia boksi, yaani raba zinazozishikilia kwenye bodi, na sababu ni hiyo klachi. Kubadilisha klachi lazima gia boksi ishuke, na ikishuka mauntingi zinafunguliwa, raba ya zaidi ya miaka 20 ikivutwavutwa inachanika, au bolti zinakazwa injini ikiwa imekaa upande na raba inabaki imejipinda. Mwambie mtu akae ndani, akanyage breki na kuvuta hendibreki, aweke gia ya kwanza aachie klachi kidogo tu mpaka injini ianze kuvuta, wewe angalia kwa pembeni, usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka sana raba imekufa. Isiporuka pia usiishie hapo, kuna raba zinakauka zinakuwa ngumu kama mbao, haziruki ila mtetemo wote zinaupitisha kwenye bodi. Na eksozi ichungulie, wakati mwingine bomba tu linagusa bodi kwenye RPM fulani.

Mauntingi zikiwa nzima rudi kwenye klachi yenyewe. Gari imesimama, RPM ileile ya mtetemo, kanyaga klachi mpaka chini, mtetemo ukibadilika angalia sahani ya klachi na shafti inayoingia gia boksi. Usipobadilika bado presha pleti (inayobana sahani ya klachi) na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) havijapona, maana vyenyewe vinazunguka na injini muda wote. Pia tazama puli kubwa ya kranki, ile inayozungusha mikanda, injini ikiwa inaunguruma, ndani yake kuna raba, ikichoka utaiona inayumba.

Na ovahoo? Injini iliyochoka inakula oili, inatoa moshi, haina nguvu, na wewe hujataja hata kimoja. Mwambie aliyekushauri apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya silinda zote 4 na akuonyeshe namba. Zikikaribiana na ziko juu, huo ushauri hauna msingi. Plagi na koili zikaguliwe pia, misi ndogo, yaani silinda kukosa kuwaka vizuri, huwa inajitokeza gari ikibeba mzigo kama huko mlimani.

SWALI: Mimi ni pikapu ya zamani, inavuta nyuma, inatetemeka chini ya kiti kuanzia 80, nikiweka nyutro bado inatetemeka vilevile. Ilianza baada ya kubadilishiwa krosi, vile viungio vya propela shafti.

JIBU: Yako ni kinyume cha ya mwenzako, nyutro haijasaidia maana yake injini haimo. Kwa kuwa imeanza baada ya krosi, nenda moja kwa moja kwenye propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya gia boksi kwenye magurudumu ya nyuma. Shafti nyingi zina sehemu ya meno inayoingia na kutoka, ikichomolewa bila kuwekewa alama ikarudishwa jino moja pembeni, krosi za mbele na nyuma hazikai sambamba tena na lazima itetemeke, hata krosi ziwe mpya za bei kubwa. Angalia kama masikio yanayoshika krosi pande zote mbili za bomba yamelala mstari mmoja. Kama yamelala sawa, tafuta kwenye bomba alama ya kibati cha balansi kilichobanduka, lishike pia uone kama limepigwa likabonyea, na kama shafti yako ni ya vipande viwili tikisa beringi ya katikati na raba yake.

Usiendelee kuikimbiza hivyo lakini, krosi ikikatika kwenye spidi shafti inaanguka chini ikiwa bado inazunguka. Itembeze polepole mpaka ikaguliwe.