Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya mgomba inakunywa wino

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama tunatengeneza karatasi za kadi kwa nyuzi za mgomba na usumba kidogo. Tunatia sabuni ya utomvu wa msonobari na shabu, lakini wino unatambaa vilevile, na karatasi ikikunjwa inakatika. Tunasikia viwanda vya zamani vilikuwa na washauri. Wao wangeanzia wapi?
Msomaji, Micheweni, Pemba

JIBU: Kwenye maji. Roger Griffin na Arthur D. Little, wanakemia waliofungua ofisi yao Boston mwaka 1886, waliwauzia wenye viwanda vya karatasi vipimo kuliko maneno: maji, dawa, nyuzi.

Njia yenu ni ya Mjerumani Moritz Illig, ya mwaka 1807, nayo inataka maji laini. Visima vya maweni vina chokaa. Chokaa huidaka sabuni kabla haijakutana na shabu, ikawa utando unaoelea badala ya kushika nyuzi. Kama sabuni ya kufulia haitoi povu kisimani kwenu, jibu mnalo. Msiongeze shabu! Asidi yake ndiyo iliyozifanya karatasi nyingi za karne ya 19 ziwe manjano na kumeguka.

Kingeni maji ya mvua, au muiache njia hiyo. Sisi tungeiacha. Pikeni wanga wa muhogo, gramu 40 kwa lita 1 ya maji, mpaka ung'ae. Karatasi ikishakauka, ichovyeni wanga ukiwa vuguvugu, kisha anikeni kivulini.

Kukatika kunatokana zaidi na usumba: una lignini nyingi, ile gundi ya asili inayoukaza mmea uwe mgumu kama mti, na nyuzi zake ni fupi na ngumu. Uachieni kamba.

Mgomba nao upikwe uive. Nyuzi kavu kilo 1, zikatwe vipande vya sentimita 2. Kostiki soda gramu 120. Maji lita 15. Saa 2 hadi 3, mpaka uzi uachane ukivutwa. Vaeni glavu, na soda ndiyo itiwe majini, si maji juu ya soda. Sufuria iwe ya chuma cha pua, kwani ya aluminiamu italiwa. Suuzeni mpaka utelezi uishe, kisha twangeni kinuni. Blenda hukata nyuzi. Tieni rojo kidogo katika chupa ya maji mtikise: mkiona vifundo, rudini kwenye mchi.