Viinitete vinang'aa usiku, asubuhi vimekufa: pima tone lako kwanza

Mkuu, umesema viinitete vyako vya samaki Danio rerio ulivyovichoma sindano ya kwantamu doti (chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa, nyingi zikiwa na kadimiamu ndani) vinang'aa vizuri jioni, kisha asubuhi unakuta nusu vimekufa au mikia imepinda. Pole sana. Nilipokuwa nasoma uzamili Ujerumani yalinikuta hayohayo, na wiki tatu nzima nilikuwa nalaumu kadimiamu.

Kadimiamu ni sumu kweli. Ila chembe hizi huvishwa ganda la salfidi ya zinki, na juu yake tabaka jingine la kuzikinga. Kundi la watafiti la Dubertret lilipozichoma kwenye viinitete vya chura Xenopus mwaka 2002, vilikua hadi kuwa viluwiluwi. Kasoro zilijitokeza walipopita chembe bilioni 5 kwa seli moja. Kwa hiyo jiulize kwanza: umeingiza ngapi?

Mimi sikujua, nilikuwa nakadiria kwa macho. Dada mmoja wa maabara yetu akanifundisha kudondosha tone ndani ya mafuta, juu ya kioo chenye vipimo, na kulisoma kwa hadubini. Tone la kipenyo cha milimita 0.1 lina kama nusu nanolita (nanolita ni sehemu moja ya bilioni ya lita). Langu lilikuwa 0.2. Kipenyo kikizidi mara mbili, ujazo unazidi mara nane! Nilibaki nalitazama lile tone, nikikumbuka trei zote nilizomwaga.

Hesabu yenyewe ni hii: nanolita 1 ya myeyusho wenye ukolezi wa mikromola 1 ina chembe takriban milioni 600. Na ile bilioni 5 ni ya chura, ambaye yai lake ni kubwa kuliko la samaki wako, usiichukue kama ruhusa.

Siku hiyohiyo, mayai ya mama mmoja, choma mengine kimiminika kitupu kisicho na chembe. Nayo yakifa, tatizo ni sindano yako. Pia zungusha myeyusho wa chembe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vizito vizame), uchote wa juu tu, kwa sababu chembe zilizoshikamana huonekana kama nyota ndani ya seli na mtu anaweza kudhani ameona kitu cha maana.

Halafu taa. Rangi za kawaida hufifia haraka, hizi hufifia polepole sana, ndiyo maana tunashawishika kuacha taa inawaka usiku kucha. Mwanga huo unaumiza seli. Washa wakati wa kupiga picha tu, na tumia chembe nyekundu, kwa kuwa kiini cha yai kina mng'ao wake wa kijani.

Leta hapa kipenyo cha tone na ukolezi wa myeyusho wako, tuhesabu pamoja.