Maswali na Majibu: Asali ya Manyoni Haikuongezwa Maji

Wiki hii karibu kila ujumbe umeuliza habari za msawazo (hali ambapo kinachotoka na kinachoingia vinalingana) na potensho ya kemikali (kipimo cha kitu kuelekea kuhama: hutoka ilipo juu kwenda ilipo chini). Naanza na lililonichosha.

Mwalimu, mifumo miwili ikifika kwenye msawazo, si lazima kila upande uwe na kiasi sawa cha maji? (Kidato cha sita, Area C)

Hapana, na hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze. Kinacholingana ni potensho ya maji, si wingi wake.

Niliwahi kumpelekea shangazi yangu Dar es Salaam asali ya Manyoni, nzito, ukiinua kijiko inashuka kama uzi. Chupa ikakaa kabatini, mfuniko umeegeshwa tu. Masika yalipoisha akanipigia simu: "Mwanangu, ndiyo umeniletea asali ya maji?" Juu ilikuwa imelegea, ina povu, inanukia pombe. Sikuwa nimeongeza hata tone. Lita moja ya asali iliyoiva ina maji kama gramu 250. Lita moja ya hewa ya Dar haifikishi hata gramu 0.03. Bado maji yalitoka hewani yakaingia kwenye asali! Sukari imeshusha potensho ya maji yaliyomo, ikawa sawa na ya hewa yenye unyevu wa takriban asilimia 60. Hewa ya pwani huzidi hapo siku nyingi. Asali hiyohiyo ukiiacha wazi hapa Dodoma mchana wa Septemba, itapoteza maji na kuzidi kuwa nzito. Basi kabla hamjawaita wafuga nyuki matapeli, tazameni mfuniko.

Jotoridi likishalingana, si msawazo umefika?

Joto ndilo lililoacha kupita. Chembe hufuata potensho. Chupa ya shangazi na hewa ya kabati vilikuwa na jotoridi moja muda wote.

Kwenye msawazo molekuli zinasimama?

Hazisimami. Zinazotoka ni nyingi sawa na zinazorudi.

Potensho ya kemikali ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya kitu?

Siyo. Ni jinsi nishati huru ya mfumo (ile inayoweza kufanya kazi) inavyobadilika ukiongeza kidogo cha kitu hicho, jotoridi na shinikizo vikibaki palepale. Wazo ni la Gibbs wa Marekani, miaka ya 1870. Mnaokariri alama yake, mu, bila sentensi hiyo, mtihani utawaumbua.

Kisima chetu Chamwino kina maji ya chumvi. Fundi anasema mashine ya kuyasafisha inataka pampu kubwa na umeme. Ananipiga?

Hakupigi. Chumvi hushusha potensho ya maji, kwa hiyo ukiweka utando unaopitisha maji peke yake, maji yasiyo na chumvi ndiyo yatakayokimbilia upande wa chumvi. Kuyarudisha kinyume lazima uyakandamize, maana shinikizo huipandisha potensho. Kwa maji ya bahari, shinikizo la takriban baa 27 (kama mara 27 ya shinikizo la hewa) linatosha kuyazuia tu. Ukizidisha hapo ndipo yanaanza kutoka. Kisima chako kitadai pungufu, kulingana na chumvi yake.

Wa kumwogopa ni yule mwenye ndoo ya mkaa na mchanga anayekuapia kwamba inatoa chumvi. Inatoa tope na harufu, basi. Mwambie achuje mbele yako, uonje kabla hujatoa hela. Na huyo fundi wako muulize yale maji ya chumvi kali yanayobaki atayamwaga wapi, asije akayaelekeza kwenye mizabibu ya jirani.