Baiskeli ya Mbio kwa Laki Nne na Nusu: Anzia Kwenye Tairi

Tairi la nyuma lilipasukia Mapinga, Jumapili saa mbili asubuhi, nikielekea Bagamoyo. Halikuchomwa na mwiba. Lilichanika ubavuni, tyubu ikachungulia, ikalia mshindo mmoja, basi. Nikaomba lifti kwenye kirikuu kilichobeba mihogo, nikashuka Tegeta nikijiambia kesho napita Kariakoo kununua jingine. Nilizunguka wiki tano.

Kila duka walileta tairi, tukalijaribu, likagoma. Moja lilipwaya, jingine halikuingia kabisa. Baiskeli yenyewe nilikuwa nimeinunua miezi minne nyuma kwa shilingi 180,000, ya mtumba kutoka Ulaya, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, rangi ya damu ya mzee iliyonipofusha macho. Nilipouliza habari ya magurudumu, aliyeniuzia alinijibu, "Kaka, 27 na 28 ni kitu kimoja." Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wengi wamekuwa wakiniuliza wanunue baiskeli gani ya mbio kwa pesa kidogo. Wengi huanza na jina la kampuni. Mimi nawarudisha kwenye tairi. Kabla hujauliza bei, hakikisha tairi la pili la baiskeli hiyo linapatikana mjini kwako, maana la kwanza litakwisha.

Ubavuni mwa tairi huwa kuna nambari mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo ya kushika. Hizo "inchi 26", "inchi 27" na "inchi 28" ni majina tu, na majina yanagongana. Inchi 27 ya baiskeli za mbio za zamani ni 630, na ndiyo iliyonizungusha mimi. Inchi 27 ya zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele ni 609. Phoenix ya babu, ile ya 28, ni 635. Hakuna hata mbili kati ya hizo zinazoazimana tairi. Baiskeli ya mbio ya kisasa ni 622, ambayo kwenye tairi huandikwa pia 700C. Baiskeli za milimani zinazoitwa inchi 29 nazo zina ringi ya 622, ingawa matairi yake ni mapana mno kwa fremu ya mbio. Ukikuta 622, umeingia kwenye soko lenye bidhaa. Ukikuta 630, punguza bei sana au ondoka.

Nambari ikishakuridhisha, gawa pesa yako kabla hujatoka nyumbani. Mimi safari ya pili ya kununua baiskeli nilikuwa na 450,000. Nilijiapiza kwamba baiskeli yenyewe haitazidi 300,000, nyingine ni ya kuifufua. Baiskeli ya mtumba imekaa kwenye banda la mtu miaka kumi, ikapakiwa kwenye kontena, ikavuka bahari. Hata ikimeta namna gani, mpira wake umekauka, grisi imekuwa gundi, waya zimeshika kutu ndani ya kava. Mtu mwenye laki nne na nusu akinunua ya laki nne na nusu, ataiendesha wiki mbili kisha ataiegemeza ukutani akisubiri mshahara.

Kuhusu fremu, kwa bajeti hii mimi ni mtu wa chuma. Alumini nzuri ipo na siikatai, ila ikipata ufa fundi wa mtaani hana la kufanya. Kaboni ya mtumba usiiguse. Ikianguka vibaya inaweza kuumia ndani bila kuonyesha nje, na siku ikikatika inakatika ghafla, nawe uko mwendo wa kilomita 40 kwa saa mbele ya lori. Chuma hupinda kwanza, hutoa onyo, na huchomeleka. Ila chuma chenyewe hakilingani. Tafuta kibandiko kwenye bomba la wima, lile linaloshika siti: Reynolds, Columbus au Tange, ambao ni watengenezaji wa mabomba ya fremu, au maandishi ya 4130, aina ya chuma bora. Reynolds 531, kwa mfano, ilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1935, na fremu zake za miaka ya 1980 bado zinakimbia vizuri. Mabomba hayo ni membamba na mepesi kuliko chuma cha kawaida. Ligonge kwa kucha. Linalia kama kengele ndogo, halitoi sauti ya bomba la maji.

Tahadhari moja: Peugeot na baiskeli nyingine za Kifaransa za miaka ya 1970 ni nzuri machoni, lakini nati na mabomba yake yana vipimo vyake vya peke yake. Kifaa cha pale pedeli zinapozungukia kikifa, hutapata cha kukibadilisha.

Kwenye gia ndipo watu wengi hupoteza pesa. Wanataka nyingi. Kadiri vyuma vya nyuma vinavyoongezeka, ndivyo cheni inavyokuwa nyembamba, ghali na ngumu kupatikana. Gia 7 au 8 za nyuma zinatosha kabisa. Cheni yake ni ileile inayofungwa kwenye baiskeli za milimani za kawaida, kwa hiyo duka lolote la vipuri linayo, na friwili (seti ya vyuma vya nyuma) ya kuparafujia ya 7 iko kila mahali. Kwa Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya gia, ngazi ya Claris ndiyo ya gia 8, Sora ni 9, Tiagra ni 10, kisha ngazi iitwayo 105 na kwenda juu. Claris inayofanya kazi ni bora kwa maskini mwenye safari kuliko 105 iliyochakaa. Na ukikuta gia za kubadilishia kwenye fremu, vile vikono viwili vidogo vya zamani, usivikimbie. Ndani hakuna cha kuharibika. Zile zilizounganishwa na breki zina raha yake, lakini zina vispringi na vimeno vingi, na za mtumba mara nyingi zimeganda. Bonyeza kila moja mara kumi kabla ya kutoa hela.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda mchana, na rula ya inchi 12, uzi wa mita tatu, na funguo ya siti. Wauzaji watakucheka, mimi walinicheka, na hapohapo nikapunguziwa elfu arobaini.

Rula ni ya cheni. Pingili moja kamili, yaani ya ndani na ya nje pamoja, ina urefu wa inchi moja. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama pini iliyo kwenye inchi 12. Cheni isiyochakaa, pini hukaa juu ya mstari barabara. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu hivi, andaa pesa ya cheni. Ikiwa imepita kwa milimita tatu au zaidi, cheni hiyo imeshakula na friwili, na ukifunga cheni mpya itaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu. Tazama na meno yenyewe: yakichongoka na kulala upande mmoja kama ya msumeno, yamekwisha.

Uzi ni wa kujua kama fremu imepinda. Toa gurudumu la nyuma, ufunge uzi pale ekseli inapokaa upande mmoja, uupitishe mbele ya shingo ya usukani, urudi upande wa pili na uukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la wima, kushoto kisha kulia. Vipimo vikitofautiana milimita mbili, vumilia. Vikitofautiana nane, baiskeli hiyo imewahi kugongwa, na itakuvuta upande mmoja maisha yake yote. Wakati gurudumu liko nje, pima pia upana wa nafasi yake: milimita 126 ni ya gia 6 na 7, 130 ni ya 8 na kuendelea. Utaihitaji nambari hiyo siku ukitafuta gurudumu.

Kisha pitisha kidole chini ya fremu, nyuma kidogo ya shingo. Hapo ndipo baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele hujisaliti: rangi ina mikunjo au kuna kivimbe kidogo. Legeza nati ya siti na ujaribu kuizungusha. Siti iliyogoma kwa kutu si jambo dogo, nimeona mlingoti wake ukikatwa kwa msumeno siku nzima. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano shingoni, gololi zimechoka, jambo la bei nafuu. Weka ukingo wa rula kwenye ubavu wa ringi pale raba ya breki inapokanyaga. Ukiona mwanga chini ya rula, ubavu umebonyea kwa kulika, na ringi ya namna hiyo inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi lenyewe. Hilo si la kujadiliana, ni la kukataa.

Kipimo cha mwili watu hukipuuza halafu wanalalamika mgongo. Simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.67. Mimi nina sentimita 78, jibu ni kama 52, na fremu za zamani zenye bomba la juu lililolala sawa nachukua 52 au 53. Usikubali kuambiwa utazoea. Siti inashuka na kupanda, lakini fremu ndefu hairefuki wala haifupiki. Utakuwa unaendesha umejinyoosha kama mtu anayefikia kitu juu ya kabati.

Mpya za bei rahisi je, zile zenye ringi pana za rangi kali na breki za diski? Nimeziendesha mbili za marafiki. Ni nzito, ringi zake hulegea njiti mapema, na breki zake hazishiki kama zinavyoonekana. Kwa pesa ileile ya mtumba mzuri, siwezi kumshauri mtu.

Uzito wenyewe lakini usikunyime usingizi. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, hairuhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Yangu ina 11. Kwenye tambarare ya Tegeta hadi Bagamoyo sijawahi kuachwa na mtu kwa sababu ya kilo hizo nne. Nimeachwa nilipokuwa na tairi gumu la bei ya kutupa. Hakikisha fremu ina nafasi ya tairi la milimita 28. Kwa mashimo na mchanga wa barabara zetu, 23 ni kujitesa.

Hesabu yangu ya safari ya pili ilikuwa hivi. Baiskeli 280,000. Matairi mawili 60,000, tyubu mbili 14,000, cheni 15,000, waya na kava 12,000, raba za breki 8,000, fundi na grisi yake na gololi 30,000. Kofia ngumu 25,000. Ile ya kwanza sikuitupa. Fundi huyohuyo aliniambia kwamba 630 na 622 zinatofautiana milimita nne tu kila upande, kwa hiyo ukipata magurudumu ya 622 unateremsha raba za breki milimita nne na fremu inaishi. Tulifanya hivyo mwaka uliofuata, na sasa mpwa wangu anaiendea chuo.

Kwenye laki nne na nusu ikabaki elfu sita. Nilinunua viraka, solusheni, na kile kishaba kidogo cha kugeuzia valvu nyembamba ili ikubali pampu ya kawaida. Kishaba hicho hakitoki mfukoni mwangu, kwa sababu mafundi wote ninaowajua kuanzia Bunju kwenda mbele hawana.