Boa hatagi, anazaa

Umeuliza kama ununue mashine ya kutotolesha mayai ya nyoka wako aina ya boa. Hapana, usinunue. Anayetaga ni chatu, boa anazaa. Kwa kuwa wanafanana, wengi huwachanganya. Mayai ya boa hukaa tumboni mwa mama hadi watoto wakomae, kisha hutoka hai wakiwa ndani ya utando mwembamba ambao huupasua wenyewe.

Siku usizihesabu tangu walipopandana, maana jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda. Hesabu tangu alipojivua gamba baada ya mayai kupevuka: kuanzia hapo ni kama siku 100 hadi 120. Wangu alichukua 108. Muda huo wote la kuangalia sana ni joto. Awe na upande wa moto na upande wa ubaridi, achague mwenyewe, kwani joto likienda vibaya watoto wanaweza kufia tumboni au kuzaliwa na kasoro. Akikataa kula usimlazimishe, ni kawaida yao. Na ukiona vitu vya njano kama nta vimetoka pamoja na watoto, usishtuke, ni mayai yasiyorutubishwa.

Ila kabla hujawakutanisha dume na jike, jua watoto utawapeleka wapi. Uzao mmoja unaweza kufika 20 na zaidi, na kila mmoja anahitaji kisanduku chake. Kama jike hajafikisha hata miaka mitatu, tafadhali mwache kwanza akue.