Kabla ya kulaumu filamu, kagua runinga: maswali yenu wiki hii

Wengi walioandika wiki hii wanalaumu filamu, vipindi na gemu kwa makosa ya runinga, flashi au waya. Mtanivumilia nikirudia mambo niliyokwisha kuyasema, kwa sababu maswali nayo yanarudi yale yale.

Natazama vipindi vya zamani vya Vioja Mahakamani kwenye runinga mpya ya inchi 32. Mbona kila mtu amenenepa? (Free Area, Nakuru)

Hakuna aliyenenepa. Picha imevutwa. Vipindi vya enzi hizo vilipigwa kwa umbo la 4:3 na runinga yako ni 16:9. Ukiacha picha ijaze kioo kizima, kila kitu kinapanuka kwa thuluthi moja, na gurudumu la gari linageuka yai. Shika rimoti, ingia Settings, kisha Picture, tafuta "Aspect Ratio" au "Picture Size", chagua 4:3. Kioo cha inchi 32 kina upana wa karibu sentimita 71. Picha halali itachukua kama sentimita 53, na kila upande utabaki utepe mweusi wa sentimita 9. Utepe huo si kasoro na haupunguzi chochote. Usijaribu kuuondoa kwa "Zoom", maana Zoom hukata robo ya picha, juu na chini.

Ukitaka uhakika, subiri saa ya ukutani au sahani itokee, usimamishe kipindi, upime upana na urefu wake kwa rula. Vikitofautiana, bado hujaweka sawa. Kipindi kama Vioja kinaishi kwa nyuso: mshtakiwa anavyokunja paji, shahidi anavyotoa macho akijua amebanwa. Ukiuvuta uso, umeuharibu ucheshi wenyewe, kisha unaniandikia kwamba vipindi vya zamani havichekeshi.

Runinga yangu mpya inafanya kila filamu ionekane kama imepigwa na kamera ya harusi. Niirudishe dukani? (Milimani, Kisumu)

Usiirudishe. Filamu hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Runinga yako inabuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini, na ulaini huo ndio unaoleta sura ya video ya harusi. Zima. Kwa Samsung tafuta "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity", kwa LG ni "TruMotion", kwa Sony ni "Motionflow". Runinga yenye "Filmmaker Mode" inayazima yote kwa mpigo mmoja. Punguza pia "Sharpness", kwa sababu ikipandishwa huchora mstari mweupe kuzunguka kila kichwa. Na "Vivid" ni ya kuvutia wateja dukani, si ya sebuleni.

Jaribu na Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Tazama pale Mwas, kijana aliyetoka kijijini akiwa na ndoto ya uigizaji, anapotupwa seli na kuamriwa asafishe choo. Ulaini ukiwa umewashwa, unaona mwigizaji ndani ya chumba kilichojengwa. Ukiuzima, uchafu unarudi kuwa uchafu na unaanza kuziba pua. Kwa maoni yangu sehemu za jukwaani ni hafifu kuliko za genge, lakini Olwenya Maina akiwa Oti, kiongozi wa genge, anaibeba filamu kila anapoingia, na anastahili kuonekana jinsi alivyopigwa picha.

Kaseti ya gemu imeandikwa 9999999 kwa 1. Ni kweli? (Bungoma)

Si kweli. Shuka chini ya orodha hadi majina yaanze kujirudia, na hapo ndipo hesabu halisi ilipoishia.

Nimenunua mashine ya gemu ya Terminator yenye bunduki. Kwenye runinga bapa bata hafi hata nikiigusisha kioo. (Kakamega)

Na hatakufa. Bunduki haitoi kitu chochote, inapokea. Unapovuta kifyatulio, Duck Hunt, gemu ya Nintendo ya mwaka 1984, hufanya kioo kizima kuwa cheusi kwa fremu moja, kisha huweka kisanduku cheupe pale bata alipo. Jicho lililo ndani ya mtutu linataka kuona giza kwanza, halafu mwanga. Giza limewekwa makusudi ili usiue bata kwa kuelekeza bunduki kwenye balbu. Bata wakiwa wawili, visanduku vinakuja kimoja baada ya kingine, na bunduki hujua umempiga yupi kwa kuangalia mwanga ulifika katika fremu ipi.

Fremu moja ni kama sehemu moja ya sitini ya sekunde. Runinga bapa hukaa na picha kwa muda ikiichakata kabla ya kuionyesha, kwa hivyo mwanga unafika wakati gemu imeshaamua umekosa. Zaidi ya hapo, saketi ya bunduki imetengenezwa itambue mmweko wa mwale wa runinga ya zamani yenye kisogo, na kioo cha LCD hakina mwale huo. "Game Mode" itakusaidia kuruka vizuri kwenye Mario, lakini kwa bunduki haisaidii lolote.

Dawa ni runinga ya kisogo. Mafundi wengi bado wanazo pembeni za inchi 14 na 21, na huziuza kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayeziulizia. Ijaribu ikiwa imewashwa kwa nusu saa kabla hujalipa. Ukifika nyumbani pandisha mwangaza na "Contrast", zima taa iliyo nyuma yako, kaa hatua mbili au tatu kutoka kwenye kioo. Na kitu ambacho hukuuliza: usifungue kisogo chake. Ndani kuna zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki kwenye kioo hata baada ya kuchomoa stima. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuitoa.

Gemu yangu inaleta picha bila rangi. Rafiki anasema ni kwa sababu nchi ilihamia dijitali. (Siaya)

Rafiki yako anachanganya mambo mawili. Kuhamia dijitali mwaka 2015 kulizima mitambo ya kurusha matangazo ya analogi. Runinga yako haikuguswa, na gemu haipitii kwenye minara. Kukosa rangi kunatokana na mfumo wa rangi wa runinga: Kenya tulitumia PAL, na kifaa chako pengine kinatoa NTSC. Ingia kwenye menyu, tafuta "Colour System", weka AUTO au NTSC 3.58. Kama runinga haina chaguo hilo, jaribu nyingine. Tumia nyaya za AV, ya njano na nyeupe, badala ya waya wa antena.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Gemu hizi nyingi zilitungwa kwa picha 60 kwa sekunde. Toleo la PAL likipeleka 50 bila marekebisho, mchezo unapungua mwendo kwa karibu asilimia 17 na muziki unaburuta. PlayStation ya kwanza ilikuwa na ugonjwa huo huo kwenye gemu nyingi za Ulaya, ambazo pia zilikuja na tepe nyeusi juu na chini. Kabla ya kusema gemu uliyoipenda utotoni ni nzito, tafuta toleo la 60.

Kaseti haisomi mpaka niipulize. (Nyalenda, Kisumu)

Acha kupuliza. Mate ni maji, na maji hutia kutu kwenye pini. Kaseti inasoma baada ya kupulizwa kwa sababu umeitoa na kuirudisha, basi.

Kaseti hizo zina pini 60, thelathini kila upande. Nunua isopropili ya asilimia 99 kwenye duka la vifaa vya elektroniki. Spiriti ya duka la dawa usiitumie kabla ya kusoma lebo, kwa kuwa nyingine zina mafuta ya mbarika, na mafuta hayo yatabaki kwenye pini na kunasa vumbi. Lowesha pamba ya masikio kidogo tu, futa kufuata urefu wa pini, si kukatiza. Badilisha pamba hadi itoke safi, kausha kwa nyingine, subiri dakika kumi. Pini zikiwa na ukijani, tumia kifutio cheupe cha penseli taratibu. Msasa hapana, kwa sababu unakwangua utando wa juu na baada ya hapo kutu inaingia kwa kasi. Kwa unyevu wa karibu na ziwa, hifadhi kaseti kwenye mkebe unaofunga, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Filamu inakataa kuingia kwenye flashi na nafasi ipo. Nyingine inaingia lakini haina sauti. (wengi)

Nimelijibu hili mara nyingi, kwa hivyo safari hii likateni mlibandike karibu na kompyuta. Flashi ikiwa imefomatiwa FAT32, haipokei faili moja inayofikia GB 4, hata kama GB 60 ziko wazi. Hamisha vitu vyako kwanza, kisha ifomati NTFS au exFAT. Runinga nyingi husoma NTFS, lakini za zamani zaidi hazijui exFAT, kwa hivyo jaribu na faili moja kabla ya kujaza.

Kukosa sauti maana yake sauti imefungwa kwa DTS au aina nyingine ambayo runinga yako haina leseni yake. Kwenye kompyuta VLC itaicheza. Ukitaka runinga iicheze, tumia programu ya bure ya ffmpeg, uache picha ilivyo na ubadilishe sauti peke yake: -c:v copy -c:a ac3. Sauti ikisikika na picha isionekane, pengine picha imebanwa kwa H.265 na runinga haiijui, na hapo itabidi uombe nakala ya H.264. Maandishi ya tafsiri hayatokei? Faili ya .srt ipewe jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, na ihifadhiwe kwa UTF-8.

Na flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni uongo. Ndani kuna chipu ndogo iliyodanganywa kutaja ukubwa usiokuwepo, na kila utakachoongeza baada ya chipu kujaa kinafuta cha kwanza. Ipime kwa programu ya H2testw kabla hujamlipa mtu.

Watoto wangu hawataki filamu yoyote isipokuwa iliyotafsiriwa na DJ Afro. Nifanye nini? (mzazi, Section 58, Nakuru)

Mama, usiwakataze. Kusimulia filamu ya mapigano juu kwa juu, bila kupotea na huku ukichekesha, ni ufundi, na umewapa watu wengi burudani kwa lugha yao. Weka sharti moja tu: filamu ionekane kwanza bila msimulizi, ndipo msimulizi afuate. Anayeanza na simulizi hasikii muziki, wala hasikii mwigizaji anaponyamaza.

Waanzishe na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo ni msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini ana nguvu zao. Kaa nao, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa kufisha na filamu haiwafichi watoto hilo. Angalia mama na Mwix, dada yake Jo, wanavyogongana kuhusu namna ya kumtunza. Kuna sehemu hakuna anayesema neno, na hapo msimulizi yeyote angeharibu kila kitu.

Gemu ya Contra, napataje maisha 30? (Kondele, Kisumu)

Kwenye skrini ya jina: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, Start.

Nimepata gemu ya mpira "PES 2025" ya PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, inataka nijaze maswali mtandaoni ili nipewe nenosiri. (Busia)

Futa. Hakuna nenosiri mwisho wa hayo maswali. Hata zile za kweli si PES mpya. Ni PES za zamani za PSP, mashine iliyofikia 2014 kwa PES, zikivishwa jezi na majina mapya kupitia folda za TEXTURES na SAVEDATA. Mwendo wa mpira ni ule ule wa zamani. PPSSPP yenyewe ni ya bure na haina haja ya kusoma SMS zako. APK yoyote ya gemu inayoomba ruhusa ya SMS inatafuta jumbe za M-Pesa na nambari za siri za muda.

Filamu gani ya kigeni imetuonyesha bila kutudharau? (Eldoret)

The First Grader ya mwaka 2010, na inakuhusu wewe zaidi, kwa sababu Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. Oliver Litondo anamcheza kwa shingo ngumu na macho makavu. Nina shida na filamu inapokimbilia machozi, lakini mateso aliyopata mikononi mwa Waingereza hayajalainishwa. Linganisha na Tomb Raider ya pili, ya 2003, iliyokuja Hell's Gate hapa kaunti ya Nakuru, ikapiga picha miamba, ikaondoka bila hata kisa kimoja cha watu wanaoishi kando yake.

Nimeletewa PS2 kutoka Japani. Naweza kuichomeka moja kwa moja? (Kericho)

Geuza mashine au adapta yake, usome lebo. Ikiandikwa 100–240V, unahitaji plagi tu. Ikiandikwa 100V peke yake, usiichomeke, kwa kuwa stima yetu ya 240V itachoma pawa saplai papo hapo na hutakuwa na muda wa kuchomoa. Nunua transfoma ya kushusha 240 hadi 100. PS2 ile nene hula kama wati 50, kwa hivyo chukua ya wati 100 ili isichemke. Kumbuka pia kwamba mashine ya Japani haikubali diski halali za Ulaya. Muulize aliyekuletea kama ameleta na gemu.