Wajukuu na sala ya jioni: nunua hivi

Bibi mwenzangu, Bwana asifiwe. Umeuliza uwanunulie nini wajukuu wa miaka 2 na 5 ili sala ya jioni isiwachoshe. Anza na Biblia ya picha yenye kurasa ngumu. Ya karatasi laini huyo mdogo ataichana. Ongeza kayamba lisilovuja mbegu, maana pambio huwashika watoto kuliko maombi yetu marefu. Safina ya mbao na wanyama wake naipenda mno: mkubwa atasimulia mwenyewe habari za Nuhu, nawe usimkatize. Ila wanyama wasiwe wadogo kiasi cha kuingia mdomoni. Midoli ya kuimba yenye betri ndogo za duara iache kabisa. Mtoto akimeza moja, mkimbizeni hospitali papo hapo, msingoje dalili.